Mtoto Aliyehesabiwa Mara Tatu

Mhina hakuwa daktari, na alikuwa wa kwanza kukuambia hivyo, ila alikuambia kwa sauti ya mtu anayengoja umbishie. Alikuwa dresa. Kwa miaka kumi na tisa alifunga vidonda vya wakata mkonge katika shamba moja kubwa karibu na Korogwe. Shamba lilipotaifishwa na watu wa umri wake wakaanza kupunguzwa, alirudi kwao Handeni na sanduku la mbao, mkasi mzuri na heshima zake zote. Basi mwaka 1974, Wazigua waliokuwa wakiishi kila mmoja na kilima chake walipokusanywa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kabuku, viongozi walitafuta mtu wa kumweka kwenye zahanati iliyoezekwa nusu bati na nusu nyasi. Hakutokea mwingine wa kushindana naye.

Kama kulikuwa na kitu ambacho Mhina alikijua kuliko watu wote wa wilaya ile, kitu hicho kilikuwa mikono. "Nionyeshe kiganja nikutajie kazi," alipenda kusema, na mara nyingi alipatia. Mkono wa mkata mkonge una makovu ya miiba. Mkono wa mwanamke anayeanika katani pale korona, kwenye mashine ya kukamulia, huwa umelowa maji ya mkonge, na yale maji yanawasha kama upupu. Ngozi hupauka, huchanika, mwisho hubanduka. Mhina alikuwa ameona mikono iliyobanduka hata akaacha kuhesabu. Mazoea yana taabu, wasemavyo watu, na taabu ya huyu bwana ilianzia hapo.

Masika ya mwaka 1975 yalikuja na mafua makali. Watu waliozoea kuishi mbalimbali sasa walikuwa wanakoholeana madirishani, na watoto waliambukizana kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Mhina aligawa aspirini mpaka kopo likalia tupu. Mafua yakapita, hakuna aliyekufa, na mwenyekiti wa kijiji akamsifu mbele ya mkutano. Mhina alizipokea zile sifa akitazama chini, lakini alizipokea zote.

Wiki tatu baadaye ndipo alipokuja Nairesiae.

Nairesiae alikuwa mke wa Moringe, mfugaji wa Kiparakuyo, hao ambao wakulima huwaita Wamasai tu na kumaliza maneno. Boma lao lilikuwa ng'ambo ya korongo. Hawakubomolewa nyumba na kuletwa kwenye mistari ya nyumba za kijiji kama wengine, ila waliandikwa kwenye daftari la kijiji, na watoto wao waliyapata mafua ya kijiji bila kunyimwa. Huyu mama aliuza maziwa Kabuku, kwa hiyo Kiswahili alikijua vizuri na alikisema bila kukizungusha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Nani mgonjwa?"

Mgongoni alikuwa na binti wa miaka mitatu na nusu, Simaloi, mwili mzima umepakwa mafuta yenye udongo mwekundu. Mtoto alikuwa analia kilio kile cha hasira ambacho hakitulizwi na ziwa wala na kubebwa.

"Homa siku ya tano haishuki," alisema Nairesiae. "Na ana vipele."

Mhina alimshika mtoto shingoni. Kweli, alikuwa anaungua. Akamtazama kifuani, akaona wekundu wa udongo. Akamtazama mgongoni, akaona wekundu wa udongo.

"Vipele gani, mama? Mmempaka huyu kama ukuta wa nyumba mpya," akasema, na wanawake wawili waliokuwa wanangoja kwenye benchi wakacheka. "Hii ni malaria. Mpe hizi nusunusu, siku tatu."

Nairesiae hakucheka. Alichukua klorokwini, akaondoka. Mhina akaandika daftarini: *Simaloi Moringe, homa.*

Siku nne baadaye alirudi. Safari hii macho ya mtoto yalikuwa mekundu yote mawili, na midomo imekauka na kupasuka mpaka inatoka damu. Mama alisema kwamba hata ulimi umekuwa mwekundu wenye vinundu, na kwamba viganja na nyayo zimevimba, mtoto hataki kukanyaga chini. Mhina alisikia yote, ila aliyoyashika ni macho, kwa sababu kwa macho alikuwa na dawa. Alipaka ile ya tyubu. Aligundua kwamba hayakuwa na tongotongo hata chembe, akashangaa kidogo, kisha akaacha kushangaa.

"Moshi," akasema. "Mnalala na moto ndani, na nyumba haina dirisha. Midomo ni kiu ya homa. Mnyweshe."

"Macho ya wengine mbona mazima? Tunalala nyumba moja."

"Mama, nimefanya kazi hii kabla hujaota meno."

Daftarini: *Simaloi Moringe, macho.*

Mara ya tatu ilikuwa baada ya siku kumi. Homa ilikuwa imekwisha, macho meupe, mtoto ametulia ingawa amekonda. Mama alimshika mkono akaunyoosha mbele ya Mhina. Ngozi ilikuwa inabanduka kwenye ncha za vidole. Ilianzia pale ukucha unapokutana na nyama, ikavuka kidole, ikaning'inia. Chini yake kulikuwa na ngozi nyororo ya rangi ya waridi. Na vidole vya miguu vilikuwa vivyo hivyo.

Jamani, ungemwona Mhina alivyofurahi. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule aanze kuletwa, alikuwa amepewa kitu cha kwao.

"Mkonge," akasema, kabla hata hajakaa.

"Kwetu hakuna mkonge."

"Mpaka wa shamba la kijiji wote umepandwa mkonge, mama. Mtoto anachezea majani, anapata maji yake, ngozi inatoka. Nimeyaona haya Korogwe miaka kumi na tisa."

"Huyu mtoto hajatoka ndani ya boma wiki mbili. Alikuwa hawezi kutembea. Ataufikaje huo mpaka?"

"Watoto wana njia zao," akasema Mhina, akachovya vaselini kwa kijiti na kuipaka kwenye kipande cha karatasi. "Hii, asubuhi na jioni."

Nairesiae aliiangalia ile karatasi, akaiacha juu ya meza, akambeba mwanawe akaenda zake. Mhina alikasirika. Alisema kwa sauti, ili walioko nje wasikie, kwamba watu wengine ukiwasaidia wanaona umewatukana. Kisha akaandika: *Simaloi Moringe, ngozi.*

Mambo yangeishia hapo, na hadithi hii isingekuwapo, kama si ripoti ya mwezi. Kila mwisho wa mwezi Mhina alijaza karatasi kubwa ya wilaya yenye safu: homa, kifua, tumbo, macho, ngozi, vidonda, mengineyo. Alisoma daftari mstari kwa mstari na kuchora vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimelala juu yake. Kazi hiyo aliipenda. Aliifanya kibarazani, asubuhi, watu wakiwa kwenye shamba la ujamaa, kalamu nyekundu kwa wanaume, ya bluu kwa wanawake.

Mei thelathini na moja alifika kwenye Simaloi Moringe, akachora kijiti kwenye homa. Akaendelea. Akafika kwenye Simaloi Moringe, akachora kijiti kwenye macho. Alipomkuta mara ya tatu, kalamu ilikuwa tayari juu ya safu ya ngozi, ndipo akasita. Ripoti ilikuwa inasema kwamba mwezi ule waliugua watoto watatu: mmoja homa, mmoja macho, mmoja vidole. Hao watoto watatu walikuwa mtoto mmoja.

Alichukua karatasi ya pembeni. Kwa mara ya kwanza akaandika yote chini ya jina moja, na yale aliyoambiwa na mama mtu akayaingiza pia, maana aliyakumbuka. Homa zaidi ya siku tano, klorokwini haikuishusha. Vipele. Macho mekundu bila tongotongo. Midomo imepasuka. Ulimi mwekundu. Viganja na nyayo kuvimba. Vidole kubanduka kuanzia kwenye kucha. Na juu kabisa akaandika: alikuwa na mafua wiki tatu kabla.

Akaisoma. Orodha ile alikuwa ameshawahi kuiona, si kwa kuiandika, bali kwa mtoto mwingine.

Ilikuwa mwaka uliofuata uhuru, kule shambani. Mtoto aliitwa Justa, wa miaka minne, binti wa Serafina, mwanamke aliyekuwa akianika katani. Naye aliletwa na homa, akaletwa na macho, mwisho akaletwa na vidole vinavyobanduka. Mhina, enzi hizo dresa mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, alitamka neno lile lile, mkonge. Siku tisa baadaye Justa alikuwa mzima, anacheza na wenzake. Alikimbia kwenda bombani, akashika kifua, akaanguka. Mama yake alipofika alikuta ameshakufa. Kambi nzima ilisema sumu ya mkonge imemwingia moyoni, na Mhina hakuwakanusha, kwa kuwa wao walikuwa wanarudia yake. Alikuwa amemzika yule mtoto kichwani mwake kwa miaka kumi na mitatu, na sasa aliogopa kweli. Vidole vya Simaloi vilibanduka tarehe kumi na tisa. Leo ilikuwa siku ya kumi na mbili.

Alifunga zahanati. Katibu wa kijiji, aliyekuwa anarudi kuchukua jembe jingine, alimuuliza anakwenda wapi saa za kazi. Mhina alimjibu kwamba anakwenda kufanya kazi, akapita.

Alipovuka korongo alimwona Simaloi kabla hajamwona mtu mwingine. Watoto walikuwa wanafukuzana na mbuzi wadogo nje ya boma. Yeye alikimbia nao hatua kumi, kumi na tano hivi, kisha akachuchumaa, mikono magotini, akapumua. Wenzake hawakumngoja. Alipoinuka alikimbia tena.

"Asikimbie!" Mhina alipiga kelele. "Mshikeni asikimbie!"

Nairesiae alitoka ndani. Moringe, mumewe, alikuwa ameketi na wazee wenzake wawili akichonga fimbo, akainua uso. Walisalimiana, kwa kuwa hata penye moto salamu haziachwi, ila zilikuwa salamu kavu. Mhina aliomba amshike mtoto. Akamwekea vidole kwenye kifundo cha mkono, akahesabu. Mapigo yalikuwa yanakimbizana, na mtoto alikuwa ameshakaa kitambo.

"Inabidi apelekwe Korogwe. Leo. Hospitali kubwa."

"Mtoto amepona," alisema Moringe. "Anakula, anacheza. Keshokutwa tunahamisha ng'ombe kwenda upande wa Misima, huku majani yamekwisha. Watu wote wanatembea."

"Asitembee huyu."

"Jumatatu moja ulisema malaria," Nairesiae alisema, na hakupandisha sauti. "Ukasema moshi. Ukasema mkonge. Nilikuambia vipele, ukachekesha watu. Leo unasema Korogwe. Kesho utasema nini?"

Mhina alikuwa na majibu ya mambo mengi maishani mwake, na karibu yote yalianza na ile miaka kumi na tisa. Safari hii aliyaacha yote. Mficha uchi hazai. Akaketi chini, kwenye vumbi la boma la watu, suruali yake ya kazi na yote, akasema.

"Kulikuwa na mtoto mwingine. Korogwe, zamani. Aliumwa hivi hivi, kwa mpangilio huu huu, na mimi nilisema mkonge. Alipona, akacheza. Siku ya tisa alianguka akikimbia, akafa. Jana sikuwa najua kwamba ni ugonjwa mmoja. Leo najua. Sijui jina lake, sijui dawa yake. Najua tu kwamba mkonge si wenyewe, na kwamba niliwahi kusema hivyo na mtoto akafa."

Moringe aliacha kuchonga. Mmoja wa wale wazee aliuliza kitu kwa Kimaa, lugha yao, akajibiwa kwa maneno mawili.

Nairesiae ndiye aliyenena. "Mama wa huyo mtoto yuko hai?"

"Yuko. Anauza mboga Manundu, pale Korogwe."

"Anajua kwamba haikuwa mkonge?"

"Hajui."

"Anajua nini?"

Mhina alijifuta uso. "Anajua kwamba ni uzembe wake. Ndivyo watu walivyosema. Mumewe alimwacha."

Yule mama alimtazama usoni, na Mhina, aliyekuwa amezoea kuwatazama watu mikono, hakujua aweke wapi macho. "Nitakwenda Korogwe," alisema Nairesiae. "Nitambeba mimi, hatakanyaga. Tukishafika, mtoto akishapokelewa, wewe unakwenda kwa huyo mwanamke. Siku hiyo hiyo. Usipokwenda, nitakwenda mimi, nimwambie jina lako."

"Nitakwenda."

"Huyu hajaamua kwenda," Moringe aliwaambia wazee wake, kwa Kiswahili, ili Mhina asikie. "Amesema kwa sababu anaogopa." Lakini aliingia zizini, akarudi na ndama wa dume, akamwambia kijana wake ampeleke kwa jirani aliyekuwa anamtaka, wapate nauli na ya kula.

Hadi Kabuku walikwenda kwa miguu. Mara mbili Simaloi alitaka kushuka, mara mbili akakataliwa, na mara ya pili alimpiga mama yake kichwani kwa ngumi yake ndogo kwa hasira. Mhina aliomba kumpokea mzigo, akakatazwa. Walipata basi la mchana lililojaa magunia ya mahindi, wakapita Segera, na saa tisa walikuwa wanashuka Korogwe.

Pale hospitali, kwenye bomba la uani, Mhina alimwomba Nairesiae amwoshe mtoto udongo wote. "Daktari aone ngozi," alisema. "Siku zile mimi sikuomba hivyo. Nilipaswa kuomba." Mama alimwosha kwa sabuni mara mbili, na maji mekundu yakaenda mferejini. Chini ya udongo ngozi ilikuwa nyeusi, yenye afya, lakini ukiipitishia kiganja kwenye kinena na nyuma ya magoti ilikwaruza, na ukiitazama jua likiwa ubavuni uliona magamba madogo meupe yanayotoka. Vipele vilikuwapo. Vilikuwa vimekuja na kuondoka, na vilikuwa vimeacha alama ya njia yao. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa mtu anayetazama upesi, lazima mkono usaidie jicho. Mhina alipitisha kiganja pale mara tatu.

Daktari aliitwa Yordani, kijana mwembamba mwenye ndevu chache. Alisoma ile karatasi ya Mhina mara mbili. Alitazama vidole, akatazama kucha, ambazo zilikuwa zimeota mfereji mwembamba wa kukatiza, zote kwenye usawa mmoja. Kisha akaweka chombo chake kifuani mwa Simaloi, akasikiliza hata Mhina akadhani amesinzia.

"Moyo unakwenda mbio," alisema, "na una sauti ambayo haitakiwi kuwapo. Nani ameandika orodha hii?"

"Mimi."

"Uliona dalili hizi zote?"

Hapo Mhina angeweza kusema ndiyo. Nairesiae alikuwa amesimama pembeni yake. "Mama yake ndiye aliyeziona," alisema. "Mimi nilizigawa. Hii safu hii, hii safu ile. Nilimrudisha nyumbani mara tatu."

Daktari hakumlaumu wala hakumpoza. Alisema kwamba alikuwa amesoma mahali kuhusu watoto wa Kijapani walioandikwa na mganga mmoja wa kwao, dalili zao zinafanana na hizi, ila hakuweza kuapa kwamba ndio wenyewe. Wapo wanaodhani kwamba mtoto hupata mafua au kirusi kingine, akapona, lakini mwili wake hauzimi ule moto uliouwasha. Unaendelea kuunguza mishipa yake mwenyewe, na mibaya kuliko yote ni ile inayoulisha moyo. Ngozi ndiyo inayotoa habari kwa nje. "Kidole kinabanduka wakati kila mtu ameshasema mtoto amepona," alisema. "Na ndio wakati wa hatari. Nitamlaza. Aspirini, na kitanda. Hata msalani abebwe."

"Atapona?" aliuliza Nairesiae.

"Wengi hupona, mama. Wachache moyo husimama ghafla, na sina njia ya kujua huyu ni wa kundi gani. Ndiyo maana hataondoka hapa kwa wiki kadhaa."

Nairesiae aliitikia kwa kichwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamlaza Simaloi, akaweka mkono wake mmoja juu ya miguu ya mtoto ili asiinuke. Halafu akageuka.

"Sasa nenda."

"Ngoja kwanza nione kama wana shuka la—"

"Nenda, mzee."

Manundu haikuwa mbali. Mhina alitembea kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua, na alikuwa anaijua. Alimkuta Serafina kwenye meza yake ya mbao, nyanya chungu upande mmoja, mchicha upande mwingine, akifunga mafungu kwa kamba za mgomba mkavu. Nywele za mbele zilikuwa zimeanza mvi, ingawa hakuwa amefika arobaini. Alimtambua hapo hapo.

"Shikamoo, dresa."

"Marahaba, Serafina. Nina neno."

Alilisema akiwa amesimama, mbele ya wanunuzi, kwa sababu alijua akikaa hatalisema. Alieleza habari za Simaloi, orodha, daktari, moyo. Alisema Justa hakufa kwa mkonge, alikufa kwa ugonjwa ambao hata leo jina lake halijulikani vizuri, na hakuna mama ambaye angeuzuia. Alisema alikosea na anaomba radhi. Serafina hakuacha kufunga mchicha. Alifunga fungu la kwanza, la pili, la tatu.

"Huyo mtoto mwingine yuko hai?"

"Yuko hai. Amelazwa."

"Vizuri." Akafunga la nne. "Wewe unadhani umeniletea habari, Mhina. Habari hiyo ninayo tangu siku ile. Nilikuambia hajashika mkonge. Alikuwa na homa, nilimwacha ndani na bibi yake wiki tatu, hakufika korona. Nilikuambia mbele ya mume wangu, Eliasi. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Hakukumbuka. Alitafuta, na kweli hakukumbuka.

"Ulisema, 'Basi umemletea wewe, kwenye nguo.'"

Mwanamke aliyekuwa anachagua nyanya chungu aliziweka chini taratibu.

"Sentensi moja," alisema Serafina. "Ulikuwa unaandika, hata hukuinua kichwa. Eliasi akaibeba mpaka nyumbani, akampa mama yake. Yule mama alikaa na mjukuu wake wiki tatu, akamlisha, akamwogesha, akamwona anapona. Ulitaka alaumu nini? Akalaumu khanga zangu. Alizichoma uani, mimi nimesimama. Tangu hapo nimezaa wawili kwa mume mwingine, na kila nikitoka kazini nilikuwa navua nguo zote nje ya mlango kabla sijawashika wanangu. Nilijua si kweli, na bado nilivua."

Sasa machozi yalikuwa yanamtoka Mhina, na hakuyaficha. "Nisamehe," alisema.

"Sijui. Nitafikiri." Alijifuta mikono, akatandika gunia juu ya mboga, akamwambia mwanamke wa meza ya jirani amwangalizie. "Eliasi amekufa, mwaka juzi. Lakini mama yake yuko. Twende."

Walipita vichochoro vitatu. Bibi Mashavu, mama yake Eliasi, alikuwa amekaa kizingitini akipepeta mchele, na majirani walikuwa nje, kama ilivyo saa ya kuandaa chakula cha jioni. Alipomwona Serafina, ungo ulisimama mikononi. Kwa miaka kumi na mitatu yule mwanamke hakuwa amekanyaga uani pale.

"Shikamoo, mama," alisema Serafina.

Bibi aliuweka ungo magotini. "Marahaba," akasema. "Na huyu nani?"

"Ni dresa wa shambani. Sema, Mhina."

Mhina aliamkia, akasema. Alisema mtoto Justa hakufa kwa mkonge wala kwa nguo za mama yake, kwamba neno lile lilikuwa lake yeye, kwamba alilisema bila kuangalia na lilikuwa uongo. Sauti yake ilikuwa chini. Bibi Mashavu aliinamisha kichwa juu ya mchele, na mkono wake ukawa unachambua chuya moja, hiyo hiyo moja, bila kuiondoa.

Serafina aligeuka, akawatazama watu waliosimama kwenye milango yao.

"Sema tena," alisema. "Wale hawajasikia."

Mhina akavua kofia, akasema tena kwa sauti.